Beseni la Bushera na Shokapu za Nyati

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kasese, Bwera, na kila kilima kinachotazama theluji ya Rwenzori, kwamba mimi, Olivia Mbambu, mwanafunzi wa Senior ya Tatu, mlezi wa ukweli na rafiki wa haki, nimeketi na kushika kalamu ili kuiandikia nchi habari kamili ya kubadilishwa kwa shokapu nne za kiwandani za gari la Mjomba Kambale. Watu wote wasimame.

Sasa wakae. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, wenzangu walikuwa darasani, na mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu shule ilinifukuza kwa wiki mbili. Nilikuwa nimebandika karatasi kwenye ubao wa ofisi, yenye lugha nzuri na mhuri niliouchonga kwenye kipande cha muhogo, ikisema kwamba kuanzia muhula ujao walimu nao watavaa sare, na fundi cherehani atafika Ijumaa saa nne kuwapima viuno. Walimu sita walipanga foleni. Mmoja alikuwa amekwisha vua koti.

Mama yangu anafanya kazi Kampala, kwa hiyo nilirudishwa kwa kaka yake, Mjomba Kambale, hapa Kasese. Mjomba aliendesha malori ya jeshi kwa miaka mingi, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilitoka huko jeshini: kifupi, kigumu, hakina tafadhali. Hakunipiga wala hakunifokea. Aliniambia tu kwamba kwa wiki hizo mbili nitamfuata kila aendako.

"Utakaa mahali macho yangu inakuona," alisema. "Na ukicheza kamchezo kamoja tena, shule imeisha. Utachuma kahawa mpaka uzeeke."

Nilijibu ndiyo afande. Hakucheka.

Gari lenyewe tunaliita Nyati. Ni la milimani, refu, linavuta kwa magurudumu yote manne, na lina tabia za nyati halisi: halikwepi kitu, na likikutana na shimo halimhurumii aliye mgongoni. Mjomba alilinunua likiwa na shokapu, vile vyuma vinavyomeza mitikisiko ya barabara, zilezile lilizotoka nazo kiwandani, na kwa miaka kumi na mmoja akakataa ziguswe. Kilichofungwa na kiwanda, alisema, hakifunguliwi na mtu wa Kasese. Shokapu zikavuja mafuta, zikakauka, zikafa, naye akaendelea kuziheshimu kama askari waliostaafu. Kwenye barabara ya Nyakalengija abiria walikuwa wanapiga dari kwa vichwa. Katekista wetu alishuka humo siku moja akasema sasa anaelewa ufufuo vizuri zaidi, maana kutoka barabara kuu mpaka kanisani aliinuka mara nyingi.

Aliyembadilisha Mjomba ni Bibi Yudesi, mama yake. Mwezi uliotangulia Bibi alikuwa ameshuka kutoka Nyakalengija kwenda Bwera kumtembelea dada yake, akateleza sokoni kwenye maganda ya ndizi, akavunjika nyonga. Wakamtia chuma. Alilala hospitalini Bwera wiki tano, na kila tulipomtembelea aliuliza jambo moja tu: kahawa yake imeiva kiasi gani, na nani anafungua mlango wake asubuhi. Daktari alikubali aende nyumbani, ila alimwambia Mjomba mbele yangu kwamba mfupa bado haujashika. Akirushwarushwa njiani, chuma kinaweza kusogea, na akirudi kwenye kisu kwa umri wake, yeye daktari hatatoa ahadi yoyote.

Mjomba alitoka wodini, akalitazama Nyati kwa muda mrefu, kisha akaenda moja kwa moja kwa Anselme.

Anselme ni mtu wa Butembo anayeuza spea Bwera, hatua chache kutoka mpakani. Alitutolea shokapu nne mpya, za manjano kama mayai ya kuku wa kienyeji, kila moja imefungwa kamba ili isijinyooshe. Alituonyesha kwa moja. Alikata kamba, na ile fimbo ya chuma ikapanda juu yenyewe, polepole, kama mtu anayeamka kitandani akijua hadaiwi.

"Hii iko na gazi ndani," alisema. "Ile ya zamani ukiisukuma inalala, inabaki kulala, kama mutu wa pombe. Hii ukiisukuma, inaamuka. Mama ataenda kama anabebwa ku mugongo."

Ndivyo tulivyofika Jumanne hiyo katika gereji ya fundi Erifazi, nyuma ya soko la Kasese.

Erifazi ni mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ambayo zamani ilikuwa na rangi. Anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mtihani wa beseni. Gari alilotengeneza upande wa chini halirudi kwa mwenyewe mpaka lipite mtihani huo. Anachukua beseni dogo jeupe la bati lenye mstari wa bluu ndani, analiweka pale atakapokaa abiria, na analijaza bushera, ule uji wa mtama uliochachuka kidogo, mpaka kwenye mstari. Kisha anaingia garini yeye mwenyewe na kuagiza lipitishwe njia mbaya. Wakifika, bushera ikiwa bado kwenye mstari, fundi na mwenye gari wanainywa pamoja, na kazi imekubaliwa. Ikishuka hata nusu kidole, Erifazi habishani. Anafungua kila nati na kuanza upya, bure. Baba yake alifanya hivyo kwa malori ya pamba, na hakuna mtu Kasese anayeucheka mtihani huo.

La pili ni kidole chake. Asubuhi hiyo alikuwa amelipandisha Nyati kwa jeki, ametoa magurudumu, na anamwagia mafuta nati zilizoshikwa na kutu, nikamuuliza kama mtu anaweza kumdanganya kwa spea ya zamani iliyopakwa rangi. Alininyooshea kidole cha shahada, cheusi, chenye makovu.

"Binti yangu, nzima na mbovu mimi najua kwa hii," alisema. "Macho inadanganywa. Kidole, hapana."

Mtoto aliyelelewa bwenini akisikia maneno kama hayo, anasikia kadi ya mwaliko.

Saa sita shokapu zote za zamani zilikuwa chini, zimelala safu moja, nyeusi kwa uchafu. Zile mpya za manjano zilikuwa kwenye gunia, kamba zimekatwa, zimejinyoosha. Mjomba alitoka kwenda kutafuta godoro jembamba la kumlazia Bibi. Erifazi alikwenda kula. Waliniachia gereji nzima, pamoja na kopo la rangi ya manjano lililobaki baada ya mtu kupaka tangi la bodaboda.

Nilifanya kazi kwa bidii ambayo walimu wangu hawajapata kuiona. Nilizifuta zile za kiwandani kwa dizeli, nikazivuta mpaka zikawa ndefu sawasawa na mpya, nikazipaka manjano moja baada ya nyingine. Zile za Anselme nilizibandua karatasi zake, nikazipaka mafuta machafu ya injini, nikazigaragaza kwenye vumbi. Nikabadilisha mahali pake: manjano kwenye gunia, nyeusi kwenye safu. Kabla sijamaliza niliisukuma moja ya zile za manjano yangu. Ililala. Nikaingoja. Haikuamka.

Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba mpango ulikuwa mdogo na safi. Erifazi atarudi, atashika ya manjano, atasema hii ndiyo mpya, nami nitacheka, nitaonyesha, atacheka naye, tutabadilisha, basi. Dakika mbili. Hakuna katika mpango huo aliyekuwa na nyonga.

Lakini wa kwanza kurudi alikuwa Mjomba, godoro begani na simu sikioni. Bibi alikuwa amekwisha ruhusiwa tangu asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, na kitanda chake amepewa mgonjwa mwingine. Mjomba alimwita Erifazi amalize haraka, akanitupia kidumu, akaniamuru niende kwa Gorret, mwanamke auzaye bushera upande wa pili wa soko.

"Mjomba, subiri kwanza kidogo, kuna kitu..."

"Mbio."

Nilikimbia. Kwa Gorret kulikuwa na foleni, na bushera yenyewe alikuwa bado anaichuja. Nilimsihi. Akaniambia bushera haina habari za haraka, na kwamba wasomi ndio wanaoharibu matumbo ya watu kwa kunywa vitu vibichi. Nilisimama pale zaidi ya saa nzima nikihesabu mashimo ya kitambaa chake cha kuchujia.

Niliporudi, Nyati alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Erifazi alilala chini yake akikaza nati za mwisho, maana anasema shokapu haikazwi kabisa gari likiwa hewani, inakazwa uzito ukiwa umeshuka. Niliinama nikatazama. Nne za manjano ziko mahali pake. Nikageuka kwenye kona. Nne nyeusi zimelala safu.

Kidole kilichojulikana mpaka Fort Portal kilikuwa kimedanganywa na msichana wa Senior ya Tatu mwenye brashi mbovu. Nilikuwa nimeota siku kama hiyo, na ilipofika haikuwa na utamu wowote.

Erifazi alitoka chini, akafuta mikono, akanitazama kwa muda.

"Unasemaje, Olivia?" aliuliza. "Iko sawa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini wakati uleule Mjomba alikuja akaushika mkono wa Erifazi kwa mikono yake miwili, jambo ambalo sijamwona akimfanyia hata askofu, akasema, "Fundi, leo umenibebea mama yangu." Na mdomo wangu, ambao hauna historia ya kufungwa na mtu, ukajifunga wenyewe.

Nikajifariji kwa mtihani. Shokapu zilizokufa haziwezi kushinda beseni. Kwenye tuta la kwanza bushera itaruka, Erifazi atarudi kufungua kila nati, ataona mwenyewe, na hakuna atakayejua rangi ilitoka wapi. Sijawahi kuwa na imani kubwa namna ile katika uji.

Wakanifanya mlinzi wa beseni. Nyuma ya gari walitandika mkeka wa mafunjo ambao Bibi aliusuka mwenyewe, juu yake godoro, na mbele ya godoro, kwenye mkeka mtupu, beseni. Erifazi alimimina mpaka mstari wa bluu bila kutetemeka. Mimi niliketi chini na kulikodolea macho.

Tuta la kwanza lilikuja pale tulipokuwa tunatoka mjini. Nilijishika. Nyati akapanda, akashuka, akatulia. Bushera ilizunguka kidogo kama mtu anayejigeuza usingizini, ikanyamaza.

Tuta la pili, vivyo hivyo. La tatu, vivyo hivyo. Kabla ya kufika Kikorongo, Erifazi alimwambia Mjomba aache lami aingie njia ya vumbi inayopitwa na malori, iliyochimbika kiasi kwamba mbuzi huizunguka. Mjomba akaingia bila kupunguza mwendo. Tulianguka kwenye shimo la kwanza, na nikakinga kichwa kwa mazoea, kwa kuwa dari ya Nyati na mimi tunajuana. Dari haikuja. Nyati alizama, akainuka mara moja, akabaki hapohapo ameinuka, kama gari la waziri. Bushera ilipanda mpaka ukingoni, ikaufikiria ukingo, ikarudi.

Mjomba alicheka kwa sauti. Sikumbuki lini nilimsikia mara ya mwisho.

Mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa. Nilijua kilichokuwa chini yetu. Niliisukuma kwa mkono wangu, ikalala, haikuamka. Sasa kulikuwa na mawazo mawili tu kichwani mwangu. Ama shokapu zote duniani ni uongo na watu wanalipia rangi, ama tulikuwa na bahati ambayo haitafika Nyakalengija. Barabara ya kwetu ina mawe makubwa kama ndama. Ina shimo moja linaloitwa Kaburi la Pikipiki. Nilimwona akilini Bibi amelala juu ya godoro lile, na chuma ndani yake, na chini yake mizee minne ya kiwandani iliyopakwa rangi kama maharusi. Beseni lilikuwa linasema nenda. Lingemwambia Mjomba ampakie.

Kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kusema. Nikaitafuta ile nyingine.

Tulisimama Kikorongo, kwenye njia panda, karibu na malori yaliyoegeshwa. Erifazi na Mjomba walishuka na kuingia chini ya gari kwa vichwa, kwa sababu shokapu inayofanya kazi hupata joto ikitoka kwenye njia mbaya, na Erifazi alitaka kuzigusa moja moja. Nilibaki peke yangu na beseni. Bushera ikishuka chini ya mstari, Bibi hapandi, na shokapu zinafunguliwa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Nilitaka kuimwaga. Nilishika ukingo, nikaona mkeka. Bibi aliusuka ule mkeka akiwa na macho mazuri, mwaka niliozaliwa, na kwenye pindo kuna alama ya mkono wake ambayo hawezi tena kuisuka. Sikuweza kuumwagia kitu. Kwa hiyo niliinama, nikatia uso, nikanywa. Niliinywa kama ndama, bila mikono, bila pumzi, huku nikiwasikia wanaume wawili chini ya miguu yangu wakisema hii ina joto, na hii ina joto. Nilipoinua kichwa, mstari wa bluu ulikuwa wazi, na chini yake kidole kizima cha beseni jeupe.

Mjomba aliporudi aliuliza beseni linaendeleaje. Nikamwambia tutaona tukifika. Nilikaa mbele ya beseni kama jiwe hadi Bwera, mgongo kwa Mjomba, tumbo likinung'unika.

Bibi alikuwa kwenye benchi, nje ya wodi. Alivaa gomesi yake ya kanisani, ya zambarau, na kitambaa cheupe kichwani. Fimbo mbili za kutembelea zilikuwa kando yake, na kifurushi kidogo mapajani. Kifurushi kilikuwa kidogo kwa sababu alikuwa amegawa kila kitu: kikombe kwa mama mmoja kutoka Kasindi, blanketi kwa msichana aliyelala kitanda cha jirani, sahani kwa mfagiaji. Kwetu anayetoka hospitalini hatoki na vyombo vyake, asije ugonjwa ukavifuata. Alikuwa amekaa pale tangu saa tatu asubuhi. Alipoliona Nyati alitabasamu na kuanza kutafuta fimbo.

Anselme naye alifika, juu ya bodaboda, kwa vile Mjomba alimpigia simu aje kuona sifa za mali yake. Alimsalimu Bibi kwanza, kwa kuinama, kisha akaingia chini ya gari na shati lake jeupe bila kujali.

"Hii iko ya kwangu," alisema akiwa chini. "Batoto bangu minabajua."

Hata muuzaji. Nilishangaa upya, na naona aibu kuandika kwamba kwa sekunde moja nilijivunia brashi yangu.

Erifazi alifungua mlango wa nyuma. Akatazama beseni. Mjomba akaja na vikombe viwili mkononi, kicheko cha njiani bado kiko usoni, akatazama pia.

Sikujua kwamba uso wa mtu mzima unaweza kushuka vile. Aliviweka vikombe chini polepole.

"Mama haendi," alisema.

Anselme alitoka chini akasema haiwezekani. Mjomba alimwonyesha beseni kwa kidevu. Erifazi alivua kofia. Hakujitetea, hakulaumu barabara wala bidhaa ya Anselme. Alisema tu kwamba mstari ni mstari, atarudi nalo Kasese afungue kila nati, na kwamba anaomba radhi kwa mama. Watu waliokuwa wakingojea wagonjwa wao walianza kusogea kutazama. Fundi mmoja wa bodaboda aliuliza kama huyu si yule wa beseni. Erifazi alisikia. Shingo yake iliinama kidogo.

Na Bibi, ambaye alikuwa amekwisha simama kwa fimbo zake mbili, alirudi kukaa. Ilimchukua muda mrefu. Alikiweka kifurushi mapajani, akakifungua fundo, akaangalia ndani kama anayetafuta kikombe, akakumbuka, akakifunga tena. Kisha akautazama mlango wa wodi.

"Kitanda changu kuna mtu," alisema.

Hakulalamika. Alikuwa anatuarifu. Lakini macho yake yalijaa machozi, Bibi Yudesi ambaye alipovunjika nyonga sokoni aliwaambia watu waokote kwanza nyanya zake.

Nilikuwa naitazama miguu yangu nilipomsikia Erifazi akipitisha kiganja kwenye mkeka. Mara moja, taratibu. Mara ya pili, kuzunguka beseni. Akaliinua beseni, akapapasa chini yake. Akanusa vidole.

"Bushera imeshuka," alisema. "Mkeka ni mkavu. Imekwenda wapi?"

Wote waligeuka kwa mlinzi wa beseni.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema kutoka kwenye benchi, "futa mdomo."

Nilifuta. Mkono ulirudi na mstari wa kahawia, mkavu, uliokuwa umekaa juu ya midomo yangu tangu Kikorongo.

"Simama hapa," Mjomba alisema. "Sema."

Nikasema. Nilianza na rangi, nikaeleza kopo, dizeli, mafuta machafu, vumbi, nikaeleza kidole na kadi ya mwaliko, nikamwambia kwamba zilizo chini ya Nyati ni zilezile za kiwandani, zimekufa, na kwamba kama Bibi angepakiwa angevunjika tena. Mjomba aliushika mlango wa gari kama mtu aliye kwenye boti. Anselme alisema jina la Yesu na la mama yake, akainama tena chini ya gari kwa haraka. Mimi nililia, na sikuwa naigiza.

Erifazi peke yake hakushtuka. Alirudisha kofia kichwani. Kisha akaninyooshea kile kidole cha shahada, karibu na pua yangu, nikaona pembeni ya ukucha mstari mwembamba wa manjano.

"Rangi ilikuwa mbichi," alisema. "Nimegusa moja tu. Nikaosha zote nane na petroli. Ya Anselme iko chini ya gari. Ya kiwanda iko pale kwa kona."

Sikuelewa. Nilimtazama Anselme, naye alikuwa anatoka chini akitikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilikumbuka matuta, na shimo, na dari ambayo haikuja. Nilikumbuka joto. Kila kitu kiliniambia ukweli njia nzima, na mimi niliiamini rangi.

"Nilikuuliza gereji kama iko sawa," Erifazi aliendelea. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nikasema huyu atasema kabla ya Kikorongo. Nilikosea. Makosa yangu leo ni hiyo moja."

Mjomba alimgeukia akamwomba radhi kwa maneno mawili. Akanigeukia mimi. Nilingoja kusikia habari za kahawa na uzee. Lakini aliuliza kitu kingine, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye kweli hajui.

"Kama gari ilikuwa nzima, na wewe ulidhani ni mbovu, kwa nini hukusema? Kwa nini kunywa?"

Hapo sikuwa na tangazo. Ningeweza kusema kwamba nilitaka kumwokoa Bibi, na ingekuwa kweli, na wangenisamehe nusu. Nilikwenda kwenye benchi, nikapiga magoti, kwa sababu Bibi alikuwa anangoja jibu kuliko wote, na kifurushi chake kilikuwa bado mapajani.

"Bushera nilikunywa mimi, Bibi," nilisema. "Niliogopa kutolewa shule. Nikaona afadhali wewe ubaki hapa kuliko mimi niseme."